Fundi Mkasi na Mshono Ulioachwa Wazi

Wapo wanaoishi kwa kilimo na wapo wanaoishi kwa biashara. Fundi Mkasi aliishi kwa dharau, na kushona kulikuwa namna yake ya kuipatia dharau hiyo mahali pa kukaa. Mteja alipovuka kizingiti, alikuwa ameshahukumiwa kabla ya kusalimiwa: bega moja limeshuka, tumbo limetangulia kama mgeni asiye na haya, na suruali, maskini, imeshonwa na mtu aliyekuwa anawaza chakula. Jina la Mkasi hakulipata kwa kukata kitambaa. Alilipata kwa ulimi.

Kazi aliijua, hilo hata maadui zake hawakulikana. Chumba chake kilikuwa kimoja, kimetazama barabara. Meza ya kukatia iliegemea ukuta, cherehani ya miguu ilikaa dirishani, na kando yake kulikuwa na kioo kirefu cha mteja kujitazama. Palikuwa na kioo kingine kidogo chenye mpini, ambacho mteja alishikishwa ili auone mgongo wa koti lake na kuona aibu ya koti alilokuja nalo. Baba yake alishonea mahakimu, babu yake alishonea waliowatangulia mahakimu hao, na ukoo mzima ulilelewa kwa amri moja: nguo haitoki kwa mlango huu mshono ukiwa wazi. Mtoto wa nyumba ile akionekana njiani na pindo lililofumuka, alirudishwa ndani kana kwamba yuko uchi.

Kwa hiyo alipoambiwa kwamba ana kisukari, Fundi Mkasi aliudharau ugonjwa wenyewe. Alisema ni maradhi ya watu wanaokula keki ofisini wakingoja mshahara. Vidonge alivimeza kama bahili anavyotoa sadaka, siku ambayo moyo umependa. Chai yake ilibaki tamu vilevile, maana hakuwa tayari, alisema, kunywa maji ya kuoshea vikombe. Mkewe alikuwa mwanamke mpole, aliyejifunza katika ndoa ile kusema nusu ya jambo na nusu nyingine kuimeza. Alisema nusu yake, akatia sukari.

Miguu ikaanza kufa ganzi. Fundi alikuwa na desturi ya kukanyaga pedali peku, akidai kwamba fundi wa kweli huisikia mashine yake kwa nyayo. Ukweli ni kwamba alikuwa hasikii kitu tena, si mashine wala sakafu, lakini nani angethubutu kumpima?

Ndipo siku moja mkewe, akifagia vipande vya nguo chini ya cherehani, akaona pedali ina madoa mekundu.

"Baba watoto, unatoka damu," alisema.

Fundi aliinua mguu, akautazama kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine. Kwenye nyama nene iliyo chini ya vidole vidogo, kipande cha sindano iliyovunjika kilikuwa kimezama na kubaki ncha tu. Akachukua koleo, akakichomoa huku akiendelea kumweleza mteja ubaya wa kola yake. Hakuumia hata kidogo. Mtu mwenye akili timamu, akichomwa sindano asiumie, angekimbilia hospitali. Fundi Mkasi alijipongeza. Alisema nyama ya fundi imekomaa, na mteja, ambaye naye hakuwa na akili ya ziada, akacheka na kukubali.

Mguu ukavimba. Soksi ikawa inalowa, na chumba kikaanza kunuka harufu ambayo mvuke wa pasi na marashi havikuweza kuifunika. Wakati huo nyumba ilikuwa katika maandalizi. Binti yake alikuwa ameposwa na ukoo unaojisikia, na fundi mwenyewe alikuwa amechukua jukumu la kumshonea koti baba wa bwana harusi. Basi busara ya familia ikakaa kikao. Ikaamuliwa watu waambiwe kwamba fundi ameteguka. Kuteguka ni ugonjwa wa heshima, unaweza kumpata hata mchezaji mpira. Kidonda kinachonuka kinaleta maswali, na wakwe wakishaanza kuuliza hawaachi. Hata dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu ambaye ukoo wote ulimwita Mwalimu na kumwogopa ipasavyo, alipewa hadithi hiyohiyo. Kwa kuwa ilikuwa hadithi fupi na iliyonyooka, aliipokea bila kuikagua, jambo ambalo hangelisamehe kwa mwanafunzi.

Kilichomtoa fundi nyumbani mara ya kwanza hakikuwa maumivu, bali kiatu. Asubuhi moja mguu ulikataa kuingia. Yeye hakuwahi kutoka nje na ndala tangu abalehe, na alipokuwa amekaa kitandani akikitazama kiatu kwa hasira, mkewe akaiona nafasi yake. Akamwambia twende tu hospitali wakaupunguze, mguu uingie. Akaenda kwa sababu ya kiatu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, macho mekundu kwa kazi. Fundi hakuyaona macho. Aliliona koti. Koti lile jeupe lilikuwa limepoteza kifungo kimoja cha mbele, na nyuma pindo lilikuwa limefumuka na kushikizwa kwa pini. Pini! Fundi akageuza uso kama mtu mwenye adabu aliyekutana na mlevi njiani.

Daktari akamwambia afumbe macho, akisikia kitu kinagusa unyayo aseme sasa. Fundi akafumba. Punde akasema, kwa sauti ya mtu asiyebabaishwa, "Sasa."

"Bado sijakugusa, mzee," daktari alisema.

Akaendelea na kazi. Alikipasua kidonda pale kitandani, na fundi akatazama dari bila kuhitaji ganzi, huku mkewe akishika ukuta. Usaha uliotoka ungemtia haya hata mtu asiye na haya. Daktari akaosha, akakata nyama iliyokufa, akalijaza lile shimo kwa shashi iliyoloweshwa, akafunga bandeji juu. Halafu akaeleza kwamba hiyo haitoshi. Alitaka mgonjwa alazwe siku ileile apewe dawa za kuua vijidudu kwa dripu, sukari ishushwe kwa insulini, mguu upigwe picha ionekane kama uozo umefika kwenye mfupa. Alisema mguu bado unaokolewa, lakini mgonjwa akirudi nao nyumbani, yeye daktari hataahidi kitu.

Fundi akauliza swali moja tu. Alitaka kujua shimo litashonwa lini.

"Halishonwi," daktari alisema. "Linaachwa wazi, nyama ijae kutoka chini."

Hapo ndipo heshima yote iliyobaki ikaisha. Mtu aliyerithi amri ya babu yake alikuwa anaambiwa atembee duniani na mshono wazi mwilini mwake, na anayemwambia amefunga pindo kwa pini.

"Binti yangu," alisema, "hata pindo lako limekushinda."

Daktari hakukasirika. Alikuwa ameshageukia mgonjwa mwingine. "Pindo langu haliozi, mzee," alisema, akaenda zake.

Fundi akaondoka kwa hiari yake, akimkokota mkewe pamoja na mguu. Alifika nyumbani akafungua bandeji, akatoa shashi, akalitazama lile pengo kwa kioo kidogo chenye mpini. Lilikuwa wazi kama mfuko wa koti lililoraruliwa na mwizi. Mtu mwingine angeogopa. Yeye aliona haya. Akaagiza aitwe Dresa.

Dresa alikuwa mzee aliyewahi kufunga vidonda katika zahanati fulani, akastaafu na mkasi, koleo, na maarifa ya kumtosha kuwa hatari. Alikuwa mteja wa zamani. Suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukata mkate, na viatu vyake viling'aa. Kwa vipimo vya Fundi Mkasi, huyo ndiye tabibu. Dresa alikitazama kidonda, akasikitika juu ya madaktari wa siku hizi, akatoa uzi wake. Akashona. Fundi alikuwa ameinamia kazi akisimamia, akimwambia vuta hapa, legeza hapo, na kwa kuwa hakuumia, mashauriano yao yalikuwa ya starehe kama ya watu wawili wanaokata koti la sherehe. Walipomaliza, mshono ulikuwa mwembamba, umenyooka, hatua zake sawasawa. Fundi akauonyesha kwa mkewe.

"Hii ndiyo kazi," alisema.

Mkewe akautazama muda mrefu. Akasema nusu yake: "Na vilivyobaki ndani?" Fundi alikuwa ameshageukia cherehani.

Mshono ulipendeza kwa siku chache. Chini ya uzuri huo mguu ulikuwa unachemka. Wekundu ukapanda juu ya kifundo na kuelekea ugoko, kidole kidogo kikawa cheusi, na kidole jirani kikaanza kukifuata. Fundi alikuwa akitetemeka juani na kutoa jasho kivulini, anakunywa maji mtungi kwa mtungi, na bado alikaa kwenye cherehani akikanyaga kwa mguu mzima, kwa sababu koti la mkwe lilikuwa lazima liishe. Ndugu walikuja, wakanusa, wakasema kuteguka huku kumezidi. Mmoja akaleta asali, mwingine unga wa majani ambayo hakuyajua jina, na mjomba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa maoni wala kupata kazi, akasema mguu ukanyagishwe maji ya moto. Ulikanyagishwa. Fundi hakusikia moto, na ngozi ikaondoka na taulo.

Mwalimu alikuja kulitazama koti, si mguu. Yeye ndiye angelipeleka kwa wakwe, na hakuwa na tabia ya kupeleka kitu ambacho hajakikagua. Alimkuta mdogo wake amejiinamia, shuka imemfunika miguu, macho yake yanang'aa vibaya. Akalichukua koti mezani. Mwili wa koti ulikuwa umekamilika, kola imekaa vizuri. Akainua mkono mmoja, akainua wa pili, akailaza pamoja juu ya meza.

Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Mwanagenzi wa wiki ya kwanza hukosea hivyo, akapigwa kofi, asirudie. Katika nyumba ile, ambako watoto walijifunza kukata mkono wa koti kabla ya kujifunza kuandika, kosa hilo halikuwa limewahi kusikika. Ukoo mzima ulikuwa umeunusa mguu kwa wiki nzima na hakuna aliyeelewa. Mwalimu alielewa kwa kuitazama mikono ya koti. Aliona kwamba kitu kilichoanza kwenye unyayo kilikuwa kimefika kichwani, na kwamba mtu aliyekaa mbele yake anaondoka.

"Inua hiyo shuka," alimwambia wifi yake.

Mke akainua. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akasema jambo zima, tangu sindano hadi Dresa, bila kumeza hata neno. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Mjomba akaanza kusema kwamba hospitali wataukata, na mtu wa ukoo huu aliyekatwa mguu, harusini, mbele ya wakwe, itakuwa fedheha.

"Fedheha ni kumzika mtu kwa sababu ya sindano ya cherehani," Mwalimu alisema. "Sitasimama kaburini kueleza watu ujinga wenu. Shika huko, umbebe."

Mjomba akambeba. Inawezekana ndiyo kazi pekee ya maana aliyowahi kufanya.

Daktari alikuwa yuleyule na pini ilikuwa ileile. Alikata uzi wa Dresa hatua kwa hatua, na kila hatua ilipokatika kikatoka kile kilichofungiwa ndani. Akauliza nani ameshona. Fundi, katikati ya homa, bado alikuwa na nguvu za kusema kwamba ile ni kazi safi.

"Safi sana," daktari alisema. "Kashona mfuko, kauacha umejaa usaha."

Daktari mkubwa wa upasuaji akaja, akatazama, akachora kwa kidole mstari chini ya goti na kuondoka. Huo ndio ulikuwa ushauri wake: mguu ukatwe hapo. Lakini yule daktari kijana alikuwa ameweka kifaa kidogo juu ya unyayo, na kifaa kikawa kinatoa sauti ya damu, fwish, fwish, kama mtu anayefagia chumba cha pili. Akamfuata mkubwa wake koridoni. Walibishana huko, na aliporudi alieleza bila kupamba. Damu bado inafika mguuni, kwa hiyo ipo nafasi. Dawa na insulini zinaanza sasa hivi kwa dripu. Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji leo, si kesho. Vidole viwili vinaondoka pamoja na mfupa uliooza nyuma yake, na nyama yote iliyokufa inakatwa. Watafungua tena na kuangalia, na kama uozo unaendelea kupanda, ule mstari wa mkubwa utafuatwa. Na kidonda, alisema akimtazama fundi usoni, kitabaki wazi.

Fundi alilala akitazama ile pini. Maisha yake yote wateja walimletea makoti yaliyoliwa na nondo wakimwomba aweke kiraka juu tu, mambo yaishe, na maisha yake yote aliwatukana. Kiraka hakishikwi na kitambaa kilichooza, aliwaambia. Unakata uozo, unaendelea kukata, hata kama tundu linakuwa kubwa la kutisha, mpaka mkasi ukutane na kitambaa kinachoupinga. Aliwahi kumfukuza mtu dukani kwa kutoelewa jambo hilo. Sasa alimkumbuka mtu huyo, sura yake ya kijinga, na hakupenda alivyofanana naye.

"Kata," alisema, "mpaka ufike kwenye kitambaa kizima."

Daktari akadhani ni homa. Mwalimu alijua ndugu yake amepata akili.

Walikata. Walifungua tena, wakakata kidogo zaidi, na mara ya tatu mkasi ukakutana na nyama nyekundu inayotoka damu, na daktari akafurahia damu ile kama watu wengine wanavyofurahia mvua. Homa ikashuka. Mstari wa chini ya goti ukabaki hewani.

Halafu yakaja majuma ya kulala na mguu juu ya mto, ambayo kwa mtu mwenye ulimi kama ule yalikuwa adhabu ya wodi nzima. Aliwadharau wauguzi kwa kukunja shuka vibaya, akaudharau uji. Ndugu walirudi na asali yao, na Mwalimu akaipokea mlangoni, akawaambia wajipake wenyewe penye upungufu, kuanzia kichwani. Dresa naye alikuja, mkunjo wake umenyooka, akauliza kwa unyenyekevu kama nyuzi zilishika.

"Zilishika," Fundi Mkasi alisema. "Karibu zinishike mimi mpaka kaburini. Suruali yako ijayo nenda ukashonewe na mwingine."

Hakulisema tena jambo hilo, na Dresa hakurudi.

Koti la mkwe lilikatiwa mkono mwingine na fundi wa mtaa wa pili, na Fundi Mkasi akalazimika kuusifu kwa kusema kwamba hauonekani sana. Harusini alikaa kwenye kiti, mguu umefungwa ndani ya kiatu kikubwa cha kufunga kwa mikanda walichompa hospitali, kinachobeba uzito kisiginoni na kuuacha unyayo upumzike. Wakwe wakatazama. Mama wa bwana harusi akauliza kama kule kuteguka kumepoa. Mwalimu akamjibu kwamba hakuna aliyeteguka, mdogo wake ana kisukari, aliuacha mguu uoze, hospitali ikauokoa, na kama upande wao kuna anayekunywa chai tamu huku akificha miguu kwenye soksi, ni vizuri aivue mapema. Meza nzima ikaitazama sakafu. Baba wa bwana harusi akarudisha miguu yake chini ya kiti, taratibu.

Cherehani ikafungiwa mota. Fundi aliidharau mota hiyo tangu siku ya kwanza, akisema inashona kama mtu anayekimbizwa, lakini hakukanyaga tena pedali. Na kila asubuhi, kabla ya chai isiyo na sukari ambayo aliendelea kuiita maji ya vikombe, alichukua kile kioo kidogo chenye mpini na kukagua nyayo zake zote mbili, kati ya kidole na kidole, kwa ukali uleule aliowakagulia wateja migongo.

Kliniki ya miguu alikuwa haikosi. Aliketi kwenye benchi la foleni na kuwatazama wenzake, na dharau yake ikapata malisho mapya: kiatu chenye ncha kwenye mguu uliovimba, soksi iliyobana, ndala iliyotoboka, mtu aliyejifunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia meza. Aliwaambia wavue. Waliokataa aliwaeleza walivyo. Muuguzi mmoja alisema wagonjwa wanamwogopa yule mzee kuliko wanavyomwogopa daktari, na kwamba siku hizi wanafika wameshaosha miguu.

Hatimaye ikafika siku ambayo daktari alifungua bandeji na hakuweka nyingine. Aligusa, akabonyeza, akasema kimefunga. Fundi akaomba kioo chake, ambacho mkewe alikuwa amekibeba kwenye mkoba. Akautazama unyayo kwa muda. Pale palipokuwa na shimo sasa palikuwa na kovu, limejikunja, limevutana upande mmoja kama kitambaa kilichoshonwa na mtu mwenye haraka.

"Nimeona mishono mibaya," alisema, "lakini huu ni wa kwanza."

"Hatukushona, mzee," daktari alisema. "Umejifunga wenyewe."

Fundi Mkasi akatafakari. Akavaa soksi, ambayo mshono wake aliugeuzia nje usimkwaruze, akakiangalia kiatu ndani kwa mkono kabla ya kukivaa.

"Ndiyo maana umeenda upande," alisema, akasimama kwa miguu yake miwili, akapita nyuma ya daktari na kuitazama ile pini mara ya mwisho, kisha akatoka nje bila kusema kitu juu yake, jambo ambalo kwake lilikuwa shukrani.